Mshumaa wa nyumbani: anza na utambi, harufu na mapambo yatafuata

Watu wengi wakitaka kutengeneza mishumaa nyumbani wanaanzia kwenye harufu na rangi, wananunua vichupa vya vanila na waridi, glasi nzuri, riboni, alafu utambi wanaufanya ni kauzi tu ka kuwashia. Matokeo yake mshumaa unatoka mzuri kwa macho, unapiga picha unapendeza, ukiwashwa nusu saa tu tayari umechimba kashimo katikati na moto unazama kwenye nta. Sasa mi nasema hivi, ukielewa utambi umeelewa nusu ya kazi nzima, kwa hiyo humu ntaongea sana kuhusu utambi, mnivumilie.

Ukweli ni kwamba utambi sio ndio unaoungua, au tuseme unaungua kidogo sana. Moto unayeyusha nta, nta ya maji inapanda kwenye utambi, ikifika juu joto linaigeuza mvuke, na ule mvuke ndio unaowaka. Utambi kazi yake ni kupandisha nta kwa kiasi kinachotakiwa. Ukiwa mwembamba kuliko unaotakiwa kwa upana wa glasi yako, moto unakuwa mdogo, nta ya pembeni haiyeyuki, unapata lile shimo. Ukiwa mnene kupita kiasi, moto unakuwa mrefu unarukaruka, unatoa moshi, glasi inajaa masizi juu na inapata moto hadi inaweza kupasuka. Kwa hiyo kila unapobadilisha chombo, unabadilisha na utambi.

Nta ya kuanzia

Kwa anayeanza, njia rahisi kuliko zote ni ile mishumaa myeupe ya kawaida ya dukani, ile ya pakiti tunayoweka ndani kwa ajili ya umeme ukikatika. Ile ni nta ya parafini, inapatikana mpaka kwa Mangi hapo mtaani, na pia unaweza kukusanya masalia ya mishumaa ya bethdei na ya kanisani ukayeyusha pamoja. Ukitaka nyingi, ulizia nta ya parafini kwenye maduka yanayouza malighafi za sabuni na vipodozi, Kariakoo yapo, na kwenye miji mingine mikubwa hayakosekani. Hapo hapo ulizia stearini, ni unga au vipande vyeupe, ukiweka kama sehemu moja kwa kila kumi za parafini mshumaa unakuwa mgumu zaidi na mweupe zaidi. Kwa sisi wa Dar, Tanga, Mombasa huko na joto la Januari na Februari hii stearini sio anasa, mshumaa mrefu wa parafini laini ukiuacha karibu na dirisha unapinda wenyewe. Na jamani, nikisema nta ya parafini simaanishi mafuta ya taa! Usichanganye mafuta ya taa kwenye nta hata kidogo.

Nta ya soya watu wanaipenda kwa sababu ya video za mtandaoni, ni nzuri kwa mishumaa ya kwenye glasi, ila kwetu inaagizwa nje na bei yake inauma, alafu ni laini, haifai kwa mshumaa wa kusimama wenyewe. Ningekuwa naanza leo nisingeigusa kwanza.

Ila nta ya nyuki ndugu zangu, hiyo ndio mali. Tabora, Sikonge, Singida, Katavi, huko kwenye misitu ya miombo wanarina asali kila msimu, na masega yakishakamuliwa yanabaki. Mwenye ndugu huko aagize. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi joto kama 62 mpaka 64 hivi, inawaka taratibu kuliko parafini, ina harufu yake ya asali ambayo haihitaji kuongezewa kitu.

Ukipata masega machafu, usafishaji wake ni huu. Yaoshe asali yote iishe, yafunge kwenye kitambaa chepesi cha pamba, kipande cha kanga iliyochakaa kinatosha, tia kwenye sufuria yenye maji, chemsha kwa moto mdogo huku unabonyeza kile kifurushi na mwiko. Nta inatoka inaelea juu kwa sababu ni nyepesi kuliko maji, takataka zinabaki kwenye kitambaa. Zima, acha ipoe kabisa mpaka kesho yake, utakuta kipande kigumu juu kama sahani, kiinue, chini yake kuna tabaka la uchafu wa kahawia, likwangue na kisu. Rudia mara ya pili kama bado ina vumbi. Tumia maji ya mvua kama unayo, maji ya kisima yenye chumvi nyingi yanaifanya nta iwe na povu povu haishikani vizuri, na usitumie sufuria ya chuma chenye kutu wala ya shaba maana nta inabadilika rangi. Ile sufuria ndio imeshakuwa ya nta, usitegemee kuirudisha kwenye wali.

Utambi wenyewe

Chukua uzi wa pamba tupu. Namna ya kujua ni kuchoma ncha kidogo, pamba inanuka kama karatasi iliyoungua na inaacha jivu laini, nailoni inajikunja inafanya kashanga kagumu kanakonuka plastiki. Ya nailoni usitumie kabisa.

Uzi mmoja ulionyooka au uliosokotwa tu haufai, suka nyuzi tatu kama unavyosuka nywele, usikaze sana. Kuna sababu. Zamani Ulaya tambi zilikuwa za kusokota, zinabaki zimesimama katikati ya moto zinajikusanyia kaa, ikabidi mtu akae na mkasi maalum anakata kila baada ya muda. Mwaka 1825 Mfaransa mmoja anaitwa Cambacérès akaleta utambi wa kusuka, ambao ukiwaka unajipinda kidogo, ncha inatoka nje ya ule moto inakutana na hewa inaungua yenyewe kabisa. Mpaka leo tambi za viwandani zinasukwa.

Ukishasuka loweka kwenye maji ya chumvi usiku mzima, kijiko kikubwa kimoja kwenye kikombe cha maji, anika ukauke kabisa kabisa, maana maji kwenye utambi yanafanya moto ulie tsss tsss na kuzimika. Alafu chovya kwenye nta iliyoyeyuka, acha mapovu yaishe, toa, nyoosha, laza kwenye karatasi ukauke ukiwa umenyooka. Hii hatua usiiruke, utambi uliokunywa nta mwanzoni ndio unaoshika moto vizuri.

Sasa saizi, hapa ndio wengi wanapoangukia. Wanayeyusha mishumaa ya dukani, wanachukua ule ule utambi wake wanauweka kwenye glasi. Ule utambi ulitengenezwa kwa mshumaa wenye upana wa sentimita mbili tu! Ukiuweka kwenye glasi ya sentimita saba hauna nguvu ya kuyeyusha mpaka pembeni. Zisuke pamoja mbili au tatu, au uziache moja moja ila zisimame tatu kwenye pembe tatu zikiwa na nafasi kati yake. Chombo kikivuka sentimita tisa au kumi usihangaike na utambi mmoja mnene, weka miwili au mitatu.

Nta ya nyuki ni nzito kupanda, inataka utambi mnene kuliko wa parafini kwa chombo kile kile. Kwa hiyo utambi uliokupa majibu mazuri kwenye parafini usiupeleke kichwa kichwa kwenye nta ya nyuki. Fanya testi. Tengeneza viwili vitatu vidogo kwenye glasi za aina moja, kila kimoja utambi tofauti, viwashe pamoja uangalie kipi kinayeyusha mpaka ukutani bila moshi, uandike kwenye daftari. Hakuna jedwali la mtandaoni litakalokujibu kuhusu uzi ulionunua wewe na glasi yako wewe.

Kuyeyusha na kumimina

Andaa chombo kwanza, nta baadaye. Glasi iwe nene, isiwe na ufa, isiwe ile nyembamba ya kunywea juisi. Chini ya utambi funga nati ndogo au washa ya bati ili ukae chini usielee, dondoshea nta kidogo uishikize katikati ya kitako, juu ubane utambi na kibanio cha nguo au vijiti viwili vya mishikaki vilivyofungwa na mpira, vilale juu ya mdomo wa glasi. Utambi uwe katikati kweli kweli, ukikaa upande glasi inachomeka upande mmoja.

Kujua nta kiasi gani, jaza glasi maji mpaka unapotaka ifike, pima yale maji, zidisha kwa 0.9. Glasi ya mililita 200 inataka gramu kama 180. Ukimaliza kupima ikaushe kabisa.

Kuyeyusha ni kwa maji, sio moto wa moja kwa moja. Sufuria kubwa yenye maji, ndani yake kopo la bati safi au jagi la stili lenye nta, chini ya kopo weka kitambaa kilichokunjwa ili lisikalie kitako cha sufuria. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100, kwa hiyo nta haiwezi kupita hapo, wakati ukiiweka kwenye jiko moja kwa moja inapanda taratibu huioni, haichemki kama maji kukupa onyo, ikifika kama 200 mvuke wake unashika moto ghafla. Maji yakipungua ongeza. Na usiondoke jikoni, simu iite mpaka ichoke.

Ikitokea nta imeshika moto, zima jiko, funika na mfuniko, acha hapo hapo. Usibebe sufuria ya moto kukimbia nayo nje na USIMWAGE MAJI, maji yanageuka mvuke ghafla yanarusha nta inayowaka mpaka kwenye dari. Ikikurukia mkononi peleka kwenye maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, usiibandue kwa nguvu. Watoto wawe nje siku hiyo.

Ikishayeyuka yote, mafuta ya harufu yanaingia nyuzi joto kama 80 kwa parafini, koroga taratibu dakika mbili. Kiasi ni asilimia sita mpaka kumi ya uzito wa nta, kwa zile gramu 180 weka gramu 11 uone kwanza. Kuongeza zaidi hakufanyi inukie zaidi, mafuta yanajitenga yanatoka juu kama jasho na yanaziba utambi. Pafyumu ya kujipulizia haifai, ina spiriti. Mafuta ya karafuu yanafaa na kwetu sio ya kutafuta mbali, Pemba ipo, ila anza na kidogo maana ni makali. Mchaichai nao wanaweka wengi kwa ajili ya mbu, inapendeza, lakini usiku lala kwenye chandarua chako.

Rangi, tumia zile za mafuta zinazouzwa kwa ajili ya mishumaa. Rangi za chakula za maji zinashuka chini tu haziingii. Kreyoni za watoto na unga wa bizari zina chembechembe zinazoziba utambi, unarudi kule kule kwenye moto mdogo. Binafsi napenda nta ibaki na rangi yake.

Kumimina subiri ishuke mpaka 70 hivi, au kama huna thamometa subiri uone kautando kembamba kanaanza kujitokeza pembeni ya kopo. Glasi iwe vuguvugu, iweke juani kabla, ile baridi inafanya nta ijiachanishe na ukuta. Mimina polepole, bakiza kidogo. Nta ikipoa inasinyaa, utaona kashimo kamebonyea pembeni ya utambi, hapo ndio unayeyusha ile uliyobakiza unajazia. Usiweke kwenye friji kuharakisha, itapasuka nyufa. Acha mpaka kesho. Ya soya yenye harufu iachie wiki moja au mbili ndio uiwashe.

Kata utambi ubaki milimita tano sita. Mara ya kwanza kuwasha iache mpaka nta iyeyuke hadi kwenye ukuta wa glasi, kadiria saa moja kwa kila sentimita mbili na nusu za upana. Ukiizima mapema inakariri ule mduara mdogo, kila siku itayeyusha hapo hapo tu. Usipitishe saa nne mfululizo, na ikibaki kama sentimita moja chini acha kuitumia, glasi inachomeka kitako.

Mapambo sasa

Kuna picha zinazunguka sana za mishumaa iliyojazwa maua makavu na vijiti vya mdalasini juu ya nta, pembeni ya utambi. Hazifai. Ua kavu lililolowa nta linageuka kuwa utambi wa pili, moto unakuwa mkubwa upande usioutegemea. Ukitaka maua yawe sehemu ya mshumaa yaweke kwa nje ya ule mnene wa kusimama wenyewe, kuanzia sentimita saba na kuendelea, wenye utambi mwembamba makusudi ili moto uchimbe katikati na ganda la nje libaki. Hapa lile shimo tunalolikimbia kwenye glasi ndio tunalitaka. Majani na maua unayakandamiza kwenye kitabu siku kadhaa yakauke bapa, unayabandika kwenye mshumaa kwa mgongo wa kijiko ulichokichovya kwenye maji ya moto ukakifuta, alafu unachovya mshumaa mzima mara moja haraka kwenye nta safi ya moto. Moto ukishashuka chini usawa wa maua, mshumaa unang'aa kwa ndani kama taa na jani linaonekana mpaka mishipa yake.

Wa barafu nao ni rahisi na watu wanadhani umenunua. Chukua pakiti ya karatasi ya maziwa, kata juu, simamisha katikati mshumaa wa kawaida wa dukani, jaza pembeni vipande vya barafu, mimina nta ya moto haraka. Barafu inayeyuka inaacha matundu matundu, nta imeganda kama lesi. Subiri, mwaga maji, chana pakiti. Kausha siku nzima au mbili kabla ya kuwasha, maji yaliyojificha ndani yanarusha nta.

Kifuu cha nazi kinapendwa sana na wageni wa hotelini huku pwani. Vunja nazi katikati kwa usawa, tumia ile nusu isiyo na macho maana yale macho ni laini nta inaweza kuvuja. Sugua nje kwa msasa mpaka nyuzi ziishe, paka mafuta ya nazi kidogo kwa nje ing'ae, anika juani mpaka kikauke, angalia nyufa juu ya mwanga. Utambi uwe katikati, na usiwashe mpaka mwisho kwa sababu kifuu chenyewe kinawaka vizuri sana, tunakijua jikoni. Kikalishe kwenye bakuli la mchanga, kinasimama na pia ni salama.

Kwa send-off au chakula cha usiku nyumbani, mi nachagua vya kuelea kuliko kitu chochote. Mimina nta kwenye trei ya keki ndogo, ile ambayo mdomo ni mpana kuliko kitako, upana sentimita tano kimo tatu, visipinduke. Chukua bakuli pana au sinia lenye kina, maji yabaki sentimita tatu kufika mdomoni, rusha asmini, petali za waridi, langilangi kama mnayo, alafu weka vishumaa vyako vielee ukivitenganisha na maua yaliyonyanyuka. Katika hali hii usitie harufu kwenye nta, asmini inatosha na chakula kisiwe kinanukia vanila.

Mezani usivibananishe, acha angalau sentimita nane kati ya mshumaa na mshumaa, vikikaribiana vinayeyushana. Nje kwenye upepo tumia glasi ndefu kuliko moto wenyewe. Na mshumaa wowote usikae juu ya kifuniko cha plastiki, juu ya tivii, karibu na pazia wala chandarua, hata kama ni dakika tano za kusubiri umeme urudi, uwe kwenye sahani ya bati au bakuli la mchanga, na ukienda kulala umezimwa.

Nta ikimwagikia kanga au kitambaa cha meza usisugue. Weka barafu igande, ibandue kwa kijiko, kilichobaki weka karatasi isiyo na wino juu na chini upige pasi ya vuguvugu, karatasi inanyonya, badilisha mpaka isitoke tena. Glasi iliyokwisha iweke kwenye friza saa chache, nta inasinyaa inatoka yenyewe nzima nzima, mabaki tupa kwenye kopo la masalia, usimwage kwenye sinki hata kama ni ya moto kiasi gani, inaganda kwenye bomba. Ioshe na maji ya moto na sabuni, kausha, iko tayari kwa nyingine, na safari hii utambi wake saizi yake unaijua, ipo kwenye daftari.